Tairi la Mama Anisia

Febronia, tairi moja la baiskeli ligawiwe vipi kwa haki katika foleni ambayo kila mtu anamjua tu anayemfuata?

Hapa kwenye duka la ushirika la Kambarage, nilidhani ninalo jibu. Niliwaeleza waliopanga foleni ile mbinu ya kuchagua katika orodha ya kompyuta tuliyofundishwa chuoni: unamshika wa kwanza, kisha kila anayefuata unamrushia shilingi, ukitokea mwenge badala ya kichwa, yeye ndiye anayeshikwa na wa awali anaachwa.

Nilirusha hadi wa mwisho. Mwenge!

"Mshindi ni Mama Anisia!" akatangaza muuza duka.

Mama yangu, Febronia. Mama yangu mzazi!

Mzee Ngassa, wa kwanza tangu alfajiri, akaniinamia: "Shikamoo, msomi. Kumbe kompyuta inamfahamu mama yako?"

Ndipo nilipong'amua. Wa mwisho kati ya watu arobaini nilimpa nusu nzima ya bahati. Alistahili sehemu moja ya arobaini. Mzee Ngassa, aliyepaswa kuponea mirusho thelathini na tisa, karibu sikumwachia kitu. Nami nilikuwa nimehubiri usawa kwa robo saa!

Mama alikwisha kulikumbatia tairi. Nikapanda juu ya kreti, nikatangaza:

"Tairi linarudi kaunta. Tunapiga kura upya kwa punje za mahindi kikapuni, moja tu yenye alama, na mama yangu hayumo."