Mwani Ni Mzuri

Pwani ya Ariake, 9 Januari 1986

Mama Mitsue,

Hujambo huko Osaka? Baridi inakuonaje? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, nao unazijua tabia zake. Kila nikipiga simu dada yako Kinuyo anapokea na kuniambia huna nafasi. Mtu gani hana nafasi asubuhi, mchana na jioni? Basi naandika barua, mimi ambaye hata kadi za mwaka mpya huniandikia wewe.

Uliondoka bila kusema unarudi lini. Majirani nimewaambia dada yako anaumwa. Sasa kuna jambo. Tunavuna mwani wa nyavu za baridi mwisho wa mwezi, na safari hii ni zamu yetu kuwaandalia sushi za wali wa kuviringishwa kwa mwani wenzetu tunaotumia nao mashine ya kukaushia mwani. Rudi. Kama haiwezekani, niambie wali wake unapikwaje.

Mimi,
Baba Mitsue

Osaka, 13 Januari

Baba Mitsue,

Sijambo. Dada naye hajambo, anakushukuru kwa kumtia ugonjwa.

Unauliza narudi lini. Kwa nini niliondoka hukuuliza. Basi nakwambia bila kuulizwa. Mwaka mpya nilisimama jikoni tangu alfajiri nikiwaviringishia wageni wako sushi. Nikakuuliza mbele yao, "Vipi, tamu?" Ukatafuna, ukanywa chai, ukasema, "Mwani ni mzuri." Mwani! Unaoulima wewe mwenyewe! Tangu unioe, kila nikikuuliza chakula changu kikoje unajisifu wewe. Nimechoka. Sirudi mpaka nijue kuwa narudi kwa mtu, si kwa ukuta.

Ila mchele haujanikosea kitu. Uoshe hadi maji yakaribie kuwa safi. Uache ulowe. Maji ya kupikia yapungue kidogo kuliko ya wali wa kila siku. Pasha siki na sukari na chumvi, kiasi cha kutosha, umwagie wali ungali wa moto ndani ya beseni la mbao. Usikoroge. Ukate kwa mwiko, huku ukipepea. Viringisha ukishapoa.

Mama Mitsue

Ariake, 17 Januari

Mama Mitsue,

Natumaini u mzima. Mimi nina hasira.

"Kiasi cha kutosha" ni kiasi gani? Cha kumtosha nani? Nilitia siki, nikaonja, macho yakanitoka machozi. Nikaongeza sukari ikawa kama peremende. Na mtu atapepeaje kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine, beseni nalo linazunguka sakafuni? Nililibana kwa miguu. Usicheke.

Lakini wali si kitu. Mwani unachanika! Nilitoa karatasi za mavuno ya kwanza, zile nyororo, zinazoyeyuka ulimini, zile ambazo wanunuzi hugombania mnadani. Nikazipanga kwenye mkeka wa mianzi, upande unaong'aa chini, nikaweka wali, mayai, uyoga na vipande vikavu vya mung'unye ulivyoviacha kabatini. Nikaviringisha. Ikapasuka tumboni. Ya pili ikapasuka. Zote zimepasuka. Mwani bora kuliko wote pwani hii, na haubebi wali! Wewe unafanyaje?

Baba Mitsue

Osaka, 21 Januari

Baba Mitsue,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nilimsomea dada kwa sauti. Nilipofika pa kubana beseni kwa miguu aliomba maji.

Wewe mtu wa ajabu sana. Mwani wa mavuno ya kwanza kwa sushi nene! Umezaliwa ndani ya mwani, umeoa ndani ya mwani, na hujui kuwa ule ni laini mno? Ule ni wa kuchoma kidogo na kula na wali mkavu. Sushi nene inataka mwani mgumu wa mwisho wa msimu.

Uko chini ya ngazi, ndani ya debe lenye kutu. Ndiyo, ule wenye matundu na rangi ya kahawia, unaoniambia kila mwaka niutupe kwa sababu unakuaibisha. Sikuwahi kuutupa. Ndio ninaoviringishia. Ndio uliokula mwaka mpya mbele ya wageni, ukausifia.

Kaa na hilo.

Mama Mitsue

Ariake, 1 Februari

Mama Mitsue,

Hujambo? Nimechelewa kujibu. Kwanza ni mavuno. Pili, niliketi chini ya ngazi na lile debe kwa muda mrefu.

Sushi nimeziviringisha. Nyingine nene kama mkono, nyingine kama kidole, lakini hazikupasuka. Nilianza kazi kabla ya kupambazuka. Miguu imekufa ganzi, vidole vinanuka siki mpaka leo.

Wakaja wote, wakakaa, wakala. Nikasubiri. Hakuna aliyesema neno! Wanatafuna tu, wanazungumzia bei ya mafuta. Nikamwuliza Mzee Koga, "Vipi?" Akameza, akasema, "Mwani ni mzuri."

Mama Mitsue, nilishika mwiko. Kidogo nimtwange nao kichwani. Nikasema, "Koga, mwani huo ni takataka! Ni wa kutupwa! Kama kuna kitu kizuri hapo ni mikono iliyoviringisha!" Wakaniangalia kana kwamba nimelewa. Mke wa Koga peke yake ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akatoka nje. Nadhani anajua kuwa dada yako haumwi.

Nilikukosea. Sushi zako ni tamu. Zilikuwa tamu siku zote.

Baba Mitsue

Osaka, 4 Februari

Baba Mitsue,

Barua imefika. Nilijifungia chooni nikaisoma, kwa kuwa dada sasa anazisubiri kuliko mimi.

Jana ilikuwa siku ya kurusha maharage, kufukuza mashetani. Huku Osaka wana desturi yao: jioni hiyo kila mtu anashika sushi nzima, isiyokatwa, anageukia upande wa bahati wa mwaka, anaila yote bila kutamka neno. Ukisema, bahati imekwenda. Dada akanipa yangu. Nikamwambia, "Niondolee desturi hiyo. Kwangu nimekula hivyo kila siku tangu harusi, na bahati sijaiona." Nikala huku napiga domo mpaka tonge la mwisho.

Maandishi yako ni mazuri. Lakini karatasini mtu anaweza kuwa yeyote. Nataka kukusikia. Jumapili nyavu zinapumzika. Njoo. Lete debe. Wali nitapika mimi. Utakaa mezani na utazungumza, kwa mdomo, tangu tunaanza kula mpaka tunamaliza. Ukiweza, tutapanda treni pamoja. Ukishindwa, utarudi peke yako.

Mama Mitsue

Ariake, 6 Februari

Mama Mitsue,

Natumaini u mzima. Nakuja Jumapili, treni ya asubuhi.

Nimeanza mazoezi. Leo mchana nilizungumza na wali wangu hadi ukapoa. Nimepanga hivi: nitaanza na hali ya hewa. Halafu Mitsue, kwamba alipiga simu akaniuliza nimekufanya nini. Halafu paka wa Koga. Hapo naona tutakuwa tumefika katikati ya sahani, na maneno yangu yameisha, isipokuwa moja, kwamba nyumba hii haikaliki bila wewe na nakuomba urudi.

Hilo niliseme kabla ya kula au baada?

Baba Mitsue