Molasi Langoni, Wakwe Wamekimbia

Mpendwa Mama Rosebella,

Naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana mke wangu Pascalia ameshacheka vya kutosha. Nyumba yangu iko kando ya barabara ya Mumias, na tangu miwa ianze kutulipa vizuri trekta hazipumziki, zimeutafuna ukingo wa lami pale langoni kwangu mpaka pakawa shimo, Peugeot yangu ikawa inakwaruza tumbo kila nikitoka, na mimi badala ya kutafuta lami ya kweli nikachukua molasi, ile shira nyeusi ya kiwanda cha sukari tunayowapa ng'ombe, nikakoroga na mchanga nikajaza shimo, likang'aa jeusi vizuri kabisa, nikawaambia majirani kwamba nina rafiki injinia wa barabara ndiye aliyeniletea lami, na nikafurahi sana.

Basi Jumapili, mvua ilipokatika, wakwe wakaja kutoka Matete kumposa binti yangu Awinja. Gari lao likanasa langoni, Mzee Wanyama, babake kijana, akashuka kusukuma, kiatu kikabaki kwenye molasi, nyuki wakaja, fahali wa jirani naye akaja kulamba akakataa kuondoka, mzee akauliza, "Hii ni nini mmezika hapa?" na mimi nikanyamaza kwa sababu majirani walikuwa wamesimama wanatazama. Wakarudi kwao bila kuonja ingokho, yule kuku tuliyewachinjia. Sasa wametuma neno kwamba tumezika dawa ya kumfunga kijana wao, sisi ni wachawi na posa imekufa. Awinja hali chakula, haongei nami. Pascalia anasema, "Wewe hujuangi kunyamaza, na siku ya kuongea ndiyo ukanyamaza." Nikisema ni molasi, kila mtu atajua nilidanganya. Nikinyamaza, mimi mchawi. Nifanye nini?

Erastus Osundwa

Erastus,

Nimecheka, samahani. Sasa nisikilize. Binti yako analia chumbani, na wewe umekaa kupima jina lipi litakukaa vizuri, mchawi au mwongo. Mwanamume mzima mwenye Peugeot unaogopa majirani watajua huna rafiki injinia? Ndugu yangu, walijua siku ile ile. Nyuki hawafuati lami.

Awinja, pole mwanangu. Babako si mchawi, ni bahili tu mwenye mdomo.

Erastus, shika jembe. Toa molasi yote, umpe huyo fahali amalize. Chimba mpaka ufikie udongo mgumu. Jaza changarawe kidogo kidogo, nyunyiza maji, shindilia kila tabaka kwa gogo mpaka mikono iume. Chimba na mfereji kando, maji yasilale hapo. Halafu uende ofisi ya barabara mjini Kakamega, uvue kofia, uombe ruhusa na fundi, maana ukingo ule si wako. Akate lami iliyomomonyoka, aweke mpya ikiwa moto, siku kavu, iwe sawa na barabara.

Hilo ni shimo. Posa ni kazi nyingine. Nenda Matete na Pascalia, umrudishie mzee kiatu chake kikiwa safi, na umwambie mbele ya jamaa zake wote kwamba ulidanganya kuhusu lami. Kisha mimina kiganjani molasi safi uliyokwenda nayo, ulambe wakikuona. Watakucheka mpaka machozi yawatoke. Vumilia, na usijitetee hata kidogo. Wakishacheka, posa imerudi, kwa sababu mchawi hakuna anayethubutu kumcheka.