Hatta Imeshinda, Kaka

Kaka Mutua,

Umeshinda! Nimeshindwa kungoja nifike chumbani. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari tulilokodi, vumbi bado liko kwenye nyusi. Hatta ndiyo bora. Haya, cheka unavyotaka.

Tangu homa ile ikuchukue, baiskeli yako ilikaa nyuma ya mlango wangu hapa Al Barsha, huku ugenini, sikuweza hata kuigusa. Milima gani ni mizuri zaidi kwa baiskeli? Wewe ulisema Hatta, mimi nikasema Showka, kule Ras al-Khaimah, tukabishana mpaka wenzako wa kazi kule hotelini Garhoud wakatukimbia. "Khalas, yaishe, siku moja nitakupeleka ujionee," ulisema. Siku hiyo hatukuipata.

Basi nikaamua kuumaliza ubishi wetu. Nikamshawishi Nasra wa Mombasa, ninayeuza naye viatu dukani, na Okello kutoka Uganda, mlinzi wa jengo letu. Mwezi uliopita tulianza na Showka. Bado napapenda, kaka: njia nyembamba ubavuni mwa mlima, kimya, mbuzi wakikukodolea macho. Lakini mawe! Wenzangu ni wageni wa milima. Walisukuma kuliko kuendesha. Nasra akaketi chini. "Hapa baiskeli ndiyo inayotupanda sisi. Mimi sirudi." Niliogopa nimewapoteza.

Leo nimewabembeleza, tukaenda Hatta. Kumbe kuna njia za wanaoanza na za wakali kama wewe! Nasra akashika ile rahisi, akateremka akipiga mayowe, akafika chini, akageuza. "Yalla, twende tena!" Tena, Mutua! Okello alicheka mpaka akaanguka yeye.

Nikawaacha, nikapanda na baiskeli yako hadi ile njia uliyokuwa ukiisifu. Kule juu machozi yakanitoka. Ungekuwepo... Kisha nikakumbuka ulivyonifokea zamani ukinifundisha: "Mwende, achia breki! Macho mbele!" Nikaachia. Niliruka, kaka! Nimefika chini mzima, napiga vigelegele kama niko harusini.

Juzi bintiyo Syombua aliniuliza kwenye simu, "Shangazi, huko kuna milima?" Nikamwambia angoje kidogo. Leo nitampigia nimweleze yote.

Kwaheri, kaka yangu. Pumzika. Nikienda nyumbani likizo nitampelekea baiskeli ya kimo chake, nimfundishe mwenyewe. Na nakuahidi, sitamshikilia kiti muda mrefu.

Mwende wako