Wiki Tatu Bila Kikosi

Mpendwa Baba Nuru,

Nakuandikia nikiwa sebuleni, kwenye godoro walilonitandikia chini, nimevaa nguo zangu za eda na juu yake sweta lako la kahawia. Baridi ya mtaa wetu huu wa Soweto mwaka huu haina adabu. Nuru hajambo, yuko shule. Mimi pia sijambo, kama neno hilo bado lina kazi. Nikipewa chakula nakula, nikiambiwa nilale nalala. Watu wanaokuja kunipa pole wanasema nimejikaza kweli, na mimi naitikia, lakini hakuna nilichokaza. Huzuni naitafuta siioni. Nimekaa tu, mikono nimeilaza mapajani, nasikiliza watu wakikusifia.

Najua ungeuliza ligi kabla ya kuuliza duka, kwa hiyo naanza na ligi. Na kwa kuwa barua hii wataisoma na watu wasiokufahamu, acha niwaeleze kidogo, maana wewe ungewaeleza mpaka wakakimbia.

Mume wangu alikuwa anauza sare za shule, lakini ukimuuliza kazi yake alikuwa anasita kwanza. Alikuwa na ligi ya mpira wa kikapu ambayo haina mpira. Wachezaji wake wote ni wa kubuni, wanaishi ndani ya kompyuta. Humo wanaanza wakiwa vijana, wanapanda kiwango, wanaumia magoti, wanazeeka, wanastaafu. Kila mwanachama ana timu yake. Ijumaa kabla ya magharibi anatuma kikosi chake kwa mwendesha ligi, ambaye ni mume wangu, na Jumamosi asubuhi yeye anabonyeza kitufe kimoja, mechi zote za wiki zinachezwa chai ikiwa bado ya moto. Mama yangu aliponiuliza huyo mwanamume niliyeolewa naye anashughulika na nini, nilimwambia anafuga wachezaji.

Unakumbuka wiki ile ya kwanza baada ya harusi? Wenzangu walipelekwa kutembezwa, mimi nilisomewa kanuni. Timu inayoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza vijana wapya. Mwendesha ligi haruhusiwi kufungua kikosi cha mtu kabla ya muda. Hawezi kumkatalia meneja kumwacha au kumbadilisha mchezaji eti kwa sababu yeye binafsi hajapenda. Mechi ikishachezwa haichezwi tena. Nilikuwa nimeshika kikombe, nakutazama midomo inavyokwenda, nikajisemea hapa nimeingia.

Ulikuwa mtu laini kwa kila kitu isipokuwa hizo kanuni. Dukani mtu alikuwa anakurudishia sketi imeshavaliwa muhula mzima na unampokea, unamwambia pole mama. Lakini nilikuona Jumamosi ile umeme ulipokatika katikati ya fainali. Ulipowasha tena kompyuta, Wazee wa Loleza, timu yako mwenyewe, walikuwa wamefungwa kwa pointi moja na timu ya Sanga, fundi wa Nyololo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ungeweza kuirudia ile mechi, na Sanga, aliyekuwa gereji kwake uvunguni mwa lori, asingejua mpaka leo. Ulimwandikia pongezi, kisha ukatoka nje ukaenda kukatia ua ambalo lilikuwa limeshakatiwa.

Na mimi uliniweka kwenye kanuni, hukuniacha. Nilikuwa na timu yangu, Malkia wa Soweto, na ilikuwa inakusumbua, usikatae. Halafu akazaliwa Nuru. Nikiwa kwenye arobaini, silali, matiti yanauma, nikasahau kutuma kikosi. Wiki ya kwanza kompyuta ikanipangia yenyewe. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ukaja ukakaa pembeni ya kitanda, umembeba mtoto, ukaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba kwamba meneja aliyekaa kimya wiki tatu ananyang'anywa timu. Nilidhani ni utani. Nikakuambia nimetoka kukuzalia mtoto.

Ukasema, "Wiki tatu ni wiki tatu, Mama Nuru."

Ukampa timu yangu mtu wa Makambako aliyekuwa kwenye foleni. Sikukusemesha mpaka shangazi yako Zuhura akaja kutusuluhisha, na tulipomweleza chanzo cha ugomvi alidhani tunamficha jambo.

Wewe kuomba radhi ulikuwa hujui, ulikuwa unajua kuzungukazunguka. Siku ya kuchagua vijana wapya ukanivutia kiti, ukasema nikuchagulie mmoja, yeyote nimtakaye. Nilikuwa bado nina hasira. Nikateremka mpaka chini kabisa ya orodha, nikanyoosha kidole kwa kijana ambaye hakuna timu ingemgusa: mfupi, hajui kudaka, hajui kurusha. Jina lake Ambakisye. Nilitaka uumie. Ukamsajili, na msimu ule ukamchezesha kila mechi, ukashika mkia, na kila Jumamosi ukiniletea chai unaniambia Ambakisye wako leo kajitahidi. Kabla ya hasira kuisha nikacheka. Baadaye akawa mchezaji wa kawaida tu, wala hakuwa nyota, lakini hukumwacha. Mwalimu Mgaya, meneja mwenzako wa Iringa, alikuletea ofa nzuri ya kumchukua, ukakataa. Ambakisye akazeeka, miguu ikaisha, na wewe ukaendelea kumlipia nafasi kwenye benchi huku vijana wenye uwezo wakikupita. Wenzako walikuwa wanakucheka kwenye kundi lenu la simu. Hukuwaambia kwa nini.

Ile asubuhi sitaki kuieleza sana. Ulisema kifua kinabana, ukakaa kwenye kiti cha wateja, ukaomba maji. Nilipogeuka na maji, basi. Watu walikuwa wengi mazikoni, Sanga na Mwalimu Mgaya walifika kabla jeneza halijatoka nyumbani. Niliona kila kitu vizuri, mpaka nani alivaa viatu gani. Machozi hayakuja. Shangazi Zuhura, aliyebaki kukaa nami eda, ananiangalia usoni kila asubuhi kama anayeangalia uji umeiva au bado. Ananiambia, "Lia, mwanangu, hicho kitu kitakuoza ndani." Namwambia nitalia.

Ligi ilisimama. Bila mtu wa kubonyeza, hakuna wiki inayoenda. Wale wanaume wote walikaa kimya, nadhani kwa heshima, mjane wa watu yuko eda, nani atamwuliza habari za mpira wa kikapu? Simu yako nilikuwa nayo chini ya mto, naichaji kila siku bila sababu. Ijumaa moja ikalia. Mwalimu Mgaya alikuwa amekutumia kikosi chake. Mazoea tu yale, mkono ulikwenda wenyewe. Nikiwa nakisoma, kikafutika. Amekumbuka, akafuta. Nikabaki natazama yale maandishi ya kwamba ujumbe umefutwa, na sijui nini kikaniingia, nikamjibu: "Nimekiona. Kitume tena."

Baba Nuru, sikufikiria. Kumbe mwenzangu kapokea ujumbe kutoka kwa marehemu. Mkewe alinisimulia baadaye kwamba mwalimu wa watu aliinuka na vitabu vikaanguka, akatoka nje akiita jina lako. Sanga akapigiwa simu, Sanga akampigia Shangazi Zuhura kuuliza kwa tahadhari kama nyumbani kuna amani. Ikabidi niandike kwenye kundi kwamba ni mimi Mama Nuru, simu ninayo, kompyuta ninayo, kanuni nazijua, watume vikosi. Walituma wote. Jumamosi nikabonyeza. Nuru alikaa pajani akasoma matokeo kwa sauti, anasoma vizuri sasa.

Kikosi chako hakikuja, bila shaka. Kompyuta ikakupangia. Ukashinda.

Wiki ya pili ukashinda tena. Jina lako likapanda kwenye msimamo, meneja: Baba Nuru, na watu kwenye kundi wakaandika hongera kisha wakazifuta. Kompyuta ilikuwa inakupangia vizuri kuliko ulivyokuwa unajipangia, maana yenyewe haimwonei mtu huruma, Ambakisye haikumgusa. Nililitazama lile jina likishinda. Nilidhani nitafurahi au nitaumia. Sikupata hata kimoja, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilijiuliza kama hivi ndivyo nitakavyoishi na wewe: jina lako liko juu, kila kitu kinaenda, ndani hakuna mtu.

Wiki ya tatu nayo ilipopita bila kikosi chako, Sanga alinipigia, na Mwalimu Mgaya naye akiwa pembeni, alikuwa ameshuka kutoka Iringa mpaka Nyololo kwa ajili ya hilo tu. Najua ile gereji, tulikuwa tunateremka pale kila tulipokwenda kwenye mkutano wenu wa mwaka, Sanga anafuta mikono kwenye ovaroli kabla ya kunisalimia. Alizunguka kwanza, mvua, mtoto, afya. Kisha akasema, "Shemeji, hiyo timu tuiache tu hivyo hivyo. Kompyuta iendelee kumchezea. Kwani nani atatudai?" Nikasikia Mgaya nyuma yake akisema jina lisitoke, jina lisitoke jamani.

Nilitaka kukubali. Kukubali kulikuwa rahisi, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikawaambia wanipe mpaka jioni. Nilikaa na kompyuta magotini nikakufikiria kwa hasira kidogo, ile hasira ya kawaida ya mke. Nikakuona umekaa pembeni ya kitanda na mtoto mikononi. Kama mimi niliyekuwa hai, niko chumba cha pili, nakulelea mwanao, ulininyang'anya, wewe nikuachie kwa lipi? Na nilijua pia, bila hasira, kwamba ungechukia. Usingetaka ligi nzima ikudanganyie. Nikaandika kwenye kundi kwamba meneja wa Wazee wa Loleza hajatuma kikosi wiki tatu, na kwa mujibu wa kanuni timu inakwenda kwa aliye mbele kwenye foleni. Mwishowe Sanga akaandika, "Sawa shemeji."

Aliye mbele ni binti anaitwa Vumilia, anasoma chuo pale Iringa, wewe mwenyewe ulimwandikisha na hukuwahi kumwona. Alinitumia shikamoo na pole ndefu, akasema ameogopa kuichukua, akauliza kama kuna kitu nisingependa akiguse. Nilimjibu timu ni yake, aiendeshe anavyoona. Nililiandika hilo nikiwa salama kabisa, moyo umetulia, kama mtu anayeagiza mkaa.

Barua nilikuwa nimeiacha hapo jana; leo asubuhi Vumilia ameleta ombi lake la kwanza. Ana akili yule binti, ameona tatizo la timu siku ileile. Anataka nafasi kwa kijana mpya, kwa hiyo anamwacha Ambakisye. Ameandika kwa adabu kwamba mzee huyu hachezi tena na hajui kwa nini aliwekwa muda wote huo.

Nilisoma mara nyingi. Nikatafuta kanuni ya kumkatalia, na wewe unajua haipo, uliifunga hiyo njia mwenyewe. Nikabonyeza. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Jina lake likaondoka kwenye timu yako, likaenda kukaa kwenye orodha ya waliostaafu, na hapo ndipo nilipojisikia natoa sauti, sauti mbaya, sikuijua kama ni yangu. Shangazi Zuhura akaja mbio na unga mikononi. Akanikamata mabega, akauliza kuna nini, nani kafanya nini. Nikamwambia wamemtoa Ambakisye.

Akauliza, "Ambakisye ndiyo nani?"

Niseme ni nani, Baba Nuru? Hajazaliwa, hana mama, hakuwahi hata kujua kudaka mpira. Nikamwambia ni mtu ambaye mume wangu alikataa kumwacha. Shangazi akaketi na mimi godoroni, unga ukanijaa kwenye sweta lako, na hakuniambia ninyamaze. Nimelia mpaka Nuru amerudi shule amenikuta, amevua viatu, amekuja kulala katikati yetu, naye akalia, sijui alikuwa amengojea nini muda wote huu.

Sasa uso umenivimba na karatasi imelowa, utaniwia radhi kwa mwandiko. Pumzika, mume wangu. Mungu akupe kaburi lenye nafasi. Kesho ni Ijumaa, vikosi vitaingia kimoja kimoja kwenye simu yako, nami nitavipokea vyote, na sitakaa kungojea chako.

Mkeo,
Mama Nuru