Kalsiamu Kwenye Duara la Mjomba

Jumatatu, 10 Juni 2024
Nimefika Nyarugusu, Geita, kompyuta nimeipakata njia nzima kutoka Ibadakuli. Kule nyumbani umeme unakatika kila siku, na hesabu yangu inataka saa sabini na mbili mfululizo! Mjomba Ngassa ana jenereta ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nimechomeka. Dokta Shamimu, msimamizi wangu chuoni, anataka majibu Jumatano ya wiki ijayo. La sivyo nangoja mwaka mzima. Siwezi. Nitaugua.

Jumanne, 11 Juni
Inaendelea! Mjomba kauliza inatafuta nini. Nikamweleza: protoni na nyutroni za kalsiamu hazikai kila moja kivyake. Zinashikana jozi jozi, zinasukumana — nataka kujua msukumano huo unahamishia wapi chaji ndani ya kiini cha atomu. Kasema, kalsiamu si ndiyo ya kwenye maziwa? Ufike mpaka Geita kutafuta maziwa! Kaona aibu, akawaambia wachimbaji wake mashine inatafuta dhahabu. Sikumkanusha. Tangu hapo hakuna anayethubutu kuzima jenereta.

Alhamisi, 13 Juni
Imemaliza! Nimetoka mbio nikipiga kelele: katikati pamepungua, nyingi imesukumwa pembeni! Chaji, jamani, nilikuwa nasema chaji. Wachimbaji wakatazamana. Pantaleo, mwendesha karasha, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mayu," yaani mama. Majibu nimeshamtumia Dokta.

Ijumaa, 14 Juni
Balaa! Wameliacha duara la katikati, shimo lao la kuchimbia dhahabu, na lilikuwa limefika mita kumi na nane! Wanachimba pembeni, ubavuni mwa jiko la Mama Edson, jirani wa Mjomba. Anawatukana kwa Kisukuma nilichokatazwa utotoni. Nimemwambia Mjomba mashine haikijui kiwanja chake. Kacheka — eti wasomi kwa kujishusha!

Jumapili, 16 Juni
Wamepata! Dhahabu inaonekana kwa macho kwenye jiwe! Mama Edson mwenyewe kashika sururu. Na mimi nimepata ujumbe wa Dokta: Hosiana, kila jozi umeihesabu mara mbili. Katikati hapakupungua kiasi hicho. Sahihisha, rudia, Jumatano iko palepale.

Kosa lenyewe mstari mmoja tu! Nikianza sasa hivi, nawahi. Nikaenda kuomba jenereta, na kwa aibu yote nikawaambia ukweli: hesabu ilikosewa. Halafu Pantaleo kauliza, kumbe iliyokosewa ndiyo imetupa dhahabu? Na ikisahihishwa je?

Mjomba kafikiri kidogo. "Mpwa wangu, usiiguse."

Saa nne asubuhi. Pantaleo kakaa mlangoni, kompyuta mapajani, kaifunika kanga. Nimembembeleza. Nimelia. Ananipa pole kwa moyo wote, lakini hanyanyuki.