Mkono Unasemaje?

Misungwi,
8 Februari 2025

Dada Rebeka,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu nitaogopa, na barua itaishia kwenye salamu. Mkono wangu unapona.

Sasa salamu. Tumesikia umejifungua salama. Mtoto ananyonya vizuri? Shemeji hajambo? Mimi mzima, ukiacha mkono. Yaani, pamoja na mkono.

Walipolikata hogo, ile plasta ngumu, mwezi uliopita, mkono wa kushoto ulitoka mwembamba kama wa mtu mwingine, vidole vimejikunja kama mguu wa kuku aliyekufa. Baba mdogo akauangalia, akasema, "Huu mkono au ufagio?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama Immaculata, yule wa mazoezi ya viungo kule hospitalini Mwanza, aliniuliza napenda kufanya nini kwa vidole. Nikasema gitaa, kwa sauti ndogo mpaka akauliza tena. Akasema basi hilo ndilo dawa, ila kwa kuanza nisilipige, niwe nabonyeza nyuzi tu.

Kwa hiyo nabonyeza. Baba mdogo akienda kwenye karasha lake kusaga mawe ya dhahabu, nachukua gitaa la marehemu baba. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha mwisho hakinisikii, nakisukuma kwa mkono mwingine. Ukipita nje husikii kitu, lakini mimi nasikia wimbo mzima. Juzi cha tatu kilifika kwenye uzi chenyewe. Nililia dada, usimcheke mdogo wako.

Siku ya kuangaliwa, daktari alikuwa na wanafunzi wake. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba mkono huu utarudi wote, hata kazi nzito utafanya. Baba mdogo akaninong'oneza, "Anasemaje?" Nikasema, "Anasema bado sana."

Kila asubuhi ananiuliza, "Mkono unasemaje?" Naukunja, nasema, "Bado, baba." Hata karatasi hii nimeikandamizia jiwe badala ya kuishika, asije akaingia mtu akaona.

Usimwambie mtu, dada. Barua nampa Obedi niliyesoma naye, kaka yake anapakia mizigo kwenye meli ya Nansio.

Mdogo wako,
Maige


Nansio,
19 Februari 2025

Mdogo wangu Maige,

Marahaba, marahaba mara mia. Barua yako nimeisoma huku nanyonyesha, machozi yakamdondokea mtoto usoni naye akanishangaa. Ni mzima, ana sauti ya kuita ng'ombe. Shemeji yako anakusalimia, anasema ukija atakulisha sato mpaka uombe mlenda. Mimi bado nimefungiwa. Mama mkwe hataki hata nilione gati kabla ya arobaini.

Mbona unaficha kupona kama mtu aliyeiba? Au unaogopa macho ya watu? Nakuelewa. Hata bibi, Mungu amrehemu, akipona homa alikuwa anabaki kitandani siku mbili za nyongeza ili wenye kijicho wachoke kwanza. Haya, sitamwambia mtu.

Lakini na mimi nataka kusikia! Unakumbuka ulivyoiba njugu mawe ukazificha ndani ya gitaa hilo? Kwaya inaimba, gitaa linachakacha kama kibuyu cha mganga, mpaka baba akalipindua mbele ya kanisa zima na kulitikisa. Zikamdondokea mchungaji kwenye viatu. Wewe unajificha chini ya benchi. Leo mwizi wa njugu ndiye mpigaji!

Niombee simu kwa Obedi, unirekodie wimbo mmoja. Mmoja tu. Humu ndani nina mtoto na kuta.

Na shule je? Walimu wamekuvumilia na mkono huo?

Dada yako,
Rebeka (siku hizi Mama Teodora, tafadhali uheshimu)


Misungwi,
1 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Msalimie shemeji, na Teodora umwambie mjomba wake anamsalimia. Wimbo nimekutumia jana jioni, naamini umefika. Ni ule aliotunga baba, wa kuvuna mpunga. Tulijificha nyuma ya jiko la kina Obedi. Kuna mahali nimekosea, ni kile kidole cha mwisho. Obedi akapiga kelele, "We jamaa, kumbe mzima!" Alikuwa anafurahi tu, lakini mimi niligeuka kuangalia nyuma.

Umeniuliza shule. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa kwa sababu ya neno hilo. Kwa mdomo hayatoki, ndiyo maana sikupigii. Acha yatoke kwenye karatasi.

Siendi shule tangu Agosti. Siku niliyoumia sikuwa nimepeleka chakula kama ulivyoambiwa. Nilikuwa kazini. Mkanda wa karasha ukitoka kwenye gurudumu, kazi yangu ni kuurudisha, injini inazunguka hivyohivyo, kwa sababu kuizima na kuiwasha ni kumaliza dizeli. Baba mdogo anasema mikono midogo inaingia vizuri. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya Luhende, yule mtoto wa jirani. Wewe uliambiwa alikufa kwa malaria. Mkanda ulimshika shati, dada. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji. Walipotoka kumzika, baba mdogo akaniambia, "Sasa wewe."

Si kwamba ananichukia. Nilipoumia alinibeba mgongoni mpaka barabara ya lami, analia. Lakini mkanda ameuunga kwa waya palepale ulipokatika ukanivunja mkono, na nafasi yangu hajampa mtu. Anasema kazi ya familia haipewi mgeni. Ananisubiri. Ndiyo maana kila asubuhi anauliza mkono unasemaje. Siku ukisema umepona, narudi.

Ninavyozidi kupiga vizuri ndivyo ninavyozidi kulikaribia lile gurudumu. Na kuacha kupiga nimejaribu, sikuweza.

Niite huko, dada. Nitalea mtoto, nitafua nepi. Mwambie baba mdogo unanihitaji kwa ajili ya mtoto. Usimwambie lingine.

Mdogo wako,
Maige


Nansio,
2 Machi 2025

Mpiga gitaa wangu,

Salamu zisubiri! Wimbo umefika juzi usiku. Nimeusikiliza mpaka shemeji yako anauliza kama nimeolewa na simu. Mtoto alinyamaza kabisa, akawa anatafuta sauti inatoka wapi. Pale unapokosea ndipo nilipomsikia baba.

Sasa usinikasirikie. Nilishindwa kukaa na furaha peke yangu, jana nikampigia baba mdogo kumshukuru. Ulisema nisimwambie mtu, na sijamwambia mtu. Baba mdogo si mtu, ni baba. Amekubeba mgongoni, amekesha na wewe hospitali, halafu nisikie umepona nisimpe hata asante? Ningekuwa nimelelewa wapi?

Alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akauliza, "Anapiga? Kwa vidole vyake?" Nikamwekea asikie. Akasema, "Asante mwanangu, umenifurahisha sana leo." Na kweli, hata sauti ilibadilika.

Kwa hiyo usijifiche tena. Piga mchana, piga nje. Arobaini ikiisha nakuja na Teodora umpigie.

Dada yako,
Rebeka


Misungwi,
6 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima mpaka hapa ninapoandika.

Barua yako ameileta Obedi leo mchana, kapewa na mtu wa meli. Yangu ya Machi mosi bado imo kwenye begi la kaka yake, aliugua homa, bandarini hajafika wiki nzima. Kwa hiyo hujui. Nilitaka kumwomba Obedi simu nikwambie, lakini baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni, mdomo ukagoma. Sasa Obedi ameenda msibani Kisesa, na simu kaenda nayo.

Sikukasirikii. Kosa ni la neno langu. Nilisema mtu, ningetaja jina.

Baada ya simu yako zilipita siku nne hajaitaja. Hata mkono hakuuulizia. Jana jioni watu wa karasha walikuja kula. Akaingia chumbani mwenyewe, akalitoa gitaa, akalifuta vumbi kwa kofia yake, akanipa kwa mikono miwili kama unavyompa mgeni. "Mwanangu, nipigie ule wa kaka."

Sikujua bado kwamba umempigia, lakini kujifanya sijapona nilikuwa nimejizoeza. Nikakunja vidole, nikazigonga nyuzi ovyo. Mmoja akasema, "Aisee, paka kwenye bati!" Wakacheka. Ningeishia hapo, dada, na yangeisha. Lakini baba mdogo akaanza kuuimba, taratibu, amefumba macho, maneno anayakosea. Kumbe sauti yake ni ya baba. Sijui ilikuwaje, vidole vikamfuata. Vyote vinne. Hata kile cha mwisho ambacho hakijawahi kufika, jana kilifika.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Baba mdogo alikuwa na machozi, ya kweli kabisa. Akaushika mkono wangu, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akaviangalia kwenye taa. Akasema, "Mkono umesema."

Tunaondoka kesho asubuhi kwenda kwenye karasha. Ule mkanda ni uleule.

Mchi umeegemea ukutani hapa. Nimeuangalia muda mrefu, sikufichi. Kisha nikasema hapana. Mkono huu nimeuponya mwenyewe kidole kwa kidole, sitauvunja mimi.

Jiwe leo nimeliweka pembeni. Karatasi nimeishika kwa mkono wa kushoto, ona mistari ilivyonyooka.

Ile barua ikikufika, usingoje arobaini. Njoo na mtoto, njoo na mama mkwe, njoo hata na

Nasikia mabuti uani. Anakuja huku. Karatasi naitia ndani ya gitaa. Dada, ukipewa gitaa hili bila mimi, usilipige kwanza. Litikise.