Mkeka wa Dani

Jumamosi

Eti nyumba yangu ya udongo inamwaibisha! Otieno, mtoto niliyemzaa mwenyewe, ameniambia mbele ya majirani, "Mama, kesho tunabomoa. Hamia gorofa yangu, watu wajue umefaulu."

Nikamjibu, "Bomoa yako kwanza." Akanuna.

Lakini giza lilipoingia, watoto wake waliacha vitanda huko gorofani, wakaja kwangu na blanketi zao. "Dani, sogea. Dani, hadithi." Dani ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Sasa wamelala mkekani, wamebanana kama dagaa wa omena walioanikwa juani. Pumzi zao zinaenda na kurudi kama ziwa, na mimi naelea katikati yao, sijui naandika ama naota.

Kama hii si kufaulu, basi sijui...

Kuna mtu alikohoa nje. Otieno. Kwetu mwanaume mzima halali nyumba ya mama yake, kwa hivyo aliketi mlangoni, mgongo kwa ukuta wangu wa udongo.

"Mama, ile hadithi ya fisi hukuimalizia."

"Nyamaza, utaamsha watoto."

Nikaimalizia polepole. Saa hii anakoroma hapo nje. Huyu ndiye atabomoa kesho?